Sura ya Saba: Nauli ya Afisa Ustawi

Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita hapo, na hapo hapo inaanza ile inayoshuka Njombe hadi Songea. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake. Malori ya Zambia yanapumzika, mabasi yanashusha na kupakia, viazi vya lumbesa na mbao kutoka vilimani vinahamishwa gari hadi gari. Mahali kama hapo mtoto wa miaka 14 hakosi kibarua. Atabeba mizigo, ataosha magari, atauza mahindi ya kuchoma na mayai kwa abiria wanaonyoosha mikono dirishani. Wala hakosi kishawishi. Simu iliyosahauliwa kwenye kiti, gunia lisilo na mlinzi, wenzake wakubwa wanaojua pa kuuza kilichookotwa.

Wengi wa watoto hawa si wageni wa shida. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011/12 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya karibu asilimia 15 kwa watu wazima, kiwango kikubwa kuliko mkoa mwingine wowote nchini, na tafiti zilizofuata hazikuushusha mkoa huo mbali na kilele hicho. Nyuma ya asilimia hizo kuna nyumba ambazo bibi ndiye baba na ndiye mama. Mjukuu anaamka, anakwenda shule akijisikia, na jioni anaonekana stendi. Siku akikamatwa, anayeitwa kituoni ni yule bibi. Anafika na kitenge begani, hajui dhamana inaombwaje, wala hajui kama mwanawe ataonana na hakimu leo au Jumatatu.

Sura hii inahusu kinachotokea baada ya hapo, na hasa nani anakilipia. Nimechagua Njombe kwa sababu mkoa huu una karibu kila kitu kinachohitajika ili mtoto aliyekosea arekebike bila kufungwa. Vijiji vyake bado vinajuana, watendaji wake wanaitisha vikao na watu wanafika, na sheria ya nchi iko wazi kuhusu mtoto. Kinachokosekana ni kitu ambacho mijadala mingi ya haki huona haya kukitaja: fedha kidogo, iliyotengwa kwa jina lake, katika bajeti ya umma.

*

Tuanze na sheria. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Imeanzisha mahakama ya watoto, inayokaa faragha, na afisa ustawi wa jamii akiwapo. Inamtaka afisa huyo aieleze mahakama mtoto anaishi na nani, anasoma wapi, kimemsukuma nini. Inasema mtoto asihukumiwe kifungo. Mwaka 2016 zikatoka kanuni za mwenendo wa mahakama hizo, na mahakama za mwanzo zaidi ya 100 zikatangazwa kuwa mahakama za watoto ili haki imfuate mtoto alipo.

Sheria hiyo ni nzuri, nami nasema hivyo nikimaanisha. Lakini ilipotungwa haikujenga njia kamili ya kumtoa mtoto kwenye mkondo wa mashtaka kabla hajafika kizimbani, kama Kenya ilivyokuja kufanya katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, ambayo imetaja kwa jina vikao vya familia na usuluhishi baina ya mtoto na aliyemkosea. Huku kwetu polisi mwenye busara anaweza kumwonya mtoto na kumrudisha kwao, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuwapatanisha watu katika makosa madogo yanayogusa mtu na mtu. Mlango upo. Ila anayeupita anaupita kwa hisani ya afisa mmoja mmoja, na hisani ya mtu haina kasma.

Pengo jingine ni la umbali. Kwa miaka mingi Tanzania Bara imekuwa na mahabusu za watoto tano tu, Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya, pamoja na shule moja ya maadilisho, Irambo, nayo iko Mbeya. Mtoto wa Makambako asiyepata mdhamini, mahali pake halali pa karibu ni Mbeya, zaidi ya kilomita 150. Ili afikishwe huko lazima ipatikane gari, mafuta, askari wa kumsindikiza na posho ya askari, na safari hiyo irudiwe kila kesi inapotajwa. Vikikosekana, mtoto hubaki palipo karibu, na palipo karibu pamejengwa kwa ajili ya watu wazima. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipokagua vizuizi nchini na kutoa ripoti yake mwaka 2011, ilikuta watoto wakichanganywa na wakubwa. Sheria iliyokataza jambo hilo ilikuwa na umri wa miaka miwili.

*

Sasa tuchukue mfano. Nautunga mwenyewe, lakini mtendaji yeyote wa kijiji katika wilaya za Njombe ataona anaufahamu.

Ni mwezi wa tisa, nyasi zimekauka. Mvulana wa miaka 14 na wenzake wanawinda panya. Wanachoma kichaka ili wawatoe mashimoni, upepo unageuka, moto unavuka mpaka na kuingia katika ekari mbili za paini za jirani. Miti ilikuwa na miaka sita. Kwa familia nyingi za Njombe shamba la miti ndiyo benki, ndiyo ada ya sekondari ya mtoto ambaye bado yuko darasa la pili. Wenzake wanakimbia, yeye anabaki akipiga moto kwa tawi mpaka watu wanafika. Kwa hiyo anayekamatwa ni yeye.

Njia ya kwanza ni ya kawaida. Anapelekwa kituoni, jalada linafunguliwa, kesi inakwenda mahakamani na kuanza kupigwa kalenda. Shahidi hakufika, mpelelezi yuko kozi, hakimu ana udhuru. Mvulana anakosa shule siku zote hizo, na mwenye shamba anapoteza siku zake za kazi akija kutoa ushahidi. Mwisho wake, baada ya miezi, huenda ikawa onyo, au viboko, au amri ya kukaa chini ya uangalizi. Miti ya jirani haikurudi hata mmoja. Hakuna aliyewahi kumketisha mvulana mbele ya mtu aliyemuunguzia akiba ya miaka sita na kumwambia, haya, msikilize.

Njia ya pili ni ile tunayoiita kumalizana. Wazee wa pande mbili wanakutana, pengine kwenye ulanzi, wanapatana mbuzi kadhaa au fedha, jalada linakufa. Mvulana hayupo katika mazungumzo hayo. Mama yake anauza alichonacho, au anakopa, na mvulana anapata kipigo nyumbani kwa hasara aliyoleta. Fundisho analolipata ni kwamba kosa ni deni la mama.

Njia ya tatu ndiyo haki rejeshi, na haifanani na zote mbili. Panaitishwa kikao. Wanakaa mvulana na mlezi wake, mwenye shamba na mtu wake wa karibu, mtendaji wa kijiji, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, mwalimu kama anamjua mtoto, na afisa ustawi wa jamii anayekiongoza. Mwenye shamba anaeleza alichopoteza. Mvulana anaeleza alichofanya, kwa maneno yake, bila wakili na bila kusukumwa kuzidisha au kupunguza. Kisha wanatafuta pamoja kinachoweza kurudishwa. Inaweza kuwa kwamba mvua zikianza atapanda upya shamba lile pamoja na mjomba wake, kila Jumamosi mpaka ekari ziishe, kwa saa zinazomfaa mtoto wa umri wake. Kiangazi kijacho atafyeka barabara ya moto kuzunguka shamba. Hataacha shule. Wenzake waliokimbia nao watatajwa na kuitwa. Makubaliano yanaandikwa, yanasainiwa, nakala inakwenda polisi na mahakamani, na afisa ustawi anarudi baada ya mwezi, na baada ya miezi mitatu, kuangalia kama yanatekelezwa.

Kurudi huko ndiko kunakobeba kikao chote. Makubaliano yasiyofuatiliwa ni karatasi, na mwenye shamba aliyeahidiwa Jumamosi akaona mbili tu hatakaa tena katika kikao cha namna hiyo maisha yake yote. Atawaambia na jirani zake.

*

Kikao kama hicho kinagharimu nini? Nauli ya afisa ustawi kutoka mjini hadi kijijini, kwenda na kurudi, mara tatu au nne. Nauli ya mwenye shamba na ya mlezi endapo kikao kinafanyika mbali na kwao. Posho ya siku ya askari. Muda wa maongezi kwenye simu, kwa sababu kukusanya watu wanane siku moja ni kazi ya simu ishirini. Chai na maandazi, maana hakuna kikao chetu kinachokwisha vizuri watu wakiwa na njaa. Karatasi. Basi.

Njia ya kwanza, ile ya kalenda, inagharimu zaidi, lakini gharama yake haionekani kwa kuwa imegawanywa katika mifuko mingi. Mafuta ya gari la polisi yako Wizara ya Mambo ya Ndani. Muda wa mwendesha mashtaka uko Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Muda wa hakimu na karani uko Mahakama. Chakula cha mtoto katika mahabusu ya watoto kiko Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Cha aliyeishia gerezani kiko Magereza. Na afisa ustawi, ambaye kazi yake ingeweza kuzuia gharama hizo zote, ni mtumishi wa halmashauri iliyo chini ya TAMISEMI.

Nawaomba wasomaji walio katika utumishi wa umma wakae hapa kidogo, kwa sababu kwa maoni yangu fundo lote liko hapa. Halmashauri ya Mji wa Makambako ikitoa nauli ya afisa ustawi, na watoto kumi wasifike mahakamani, akiba inayopatikana haiingii Makambako. Inabaki Polisi, inabaki Mahakama, inabaki Magereza, na hakuna anayeirudia halmashauri kusema asante, chukueni sehemu yenu. Mkurugenzi anaona matumizi tu. Faida anaiona mwenzake wa wizara nyingine, tena haioni kama faida, anaona tu kwamba mwaka huu majalada yalipungua. Katika hali hiyo hata mkurugenzi mwenye moyo ataanza na kilicho mbele yake, choo cha shule au kisima kilichoharibika, na hakuna wa kumlaumu.

Zaidi ya hapo, ndani ya halmashauri ustawi wa jamii umewekwa katika divisheni moja na afya na lishe. Unagombea shilingi na dawa, chanjo na mafuta ya gari la wagonjwa. Katika kikao cha bajeti hakuna diwani atakayesimama kutetea nauli ya kikao cha mtoto aliyeiba simu wakati zahanati ya kata yake haina dawa, labda kama nauli hiyo ina kasma yake na sheria iliyoilazimisha iwepo.

Hapa pia ndipo ninapoelewa kwa nini viboko vimedumu hivyo. Mara nyingi tunabishana kuhusu viboko kana kwamba ni suala la mila na malezi peke yake. Ni suala la fedha pia. Fimbo haina nauli, haina posho, haihitaji kufuatiliwa baada ya miezi mitatu, na siku hiyo hiyo jalada linafungwa. Mahakama isiyo na afisa wa kumkabidhi mtoto, wala mpango wa kumpeleka, itaichukua adhabu iliyo mkononi. Anayetaka fimbo itoke mahakamani aje na kitu cha kuweka mahali pake, na kitu hicho kina bei.

*

Si kwamba Tanzania haijajaribu. Mwaka 2013 Wizara ya Katiba na Sheria ilitoa mkakati wa miaka mitano, hadi 2017, wa kuboresha haki kwa watoto. Kipindi hicho hicho kulianzishwa, kwa msaada wa UNICEF, mpango wa majaribio wa kuwarekebisha watoto wakiwa kwao, Temeke na Mbeya. Mtoto hakupelekwa mahali. Alibaki nyumbani, akawa na mtu wa kumfuatilia, akafundishwa stadi za maisha, familia yake ikafanyiwa kazi pamoja naye.

Mbeya ni jirani ya Njombe. Njombe ilitengwa kuwa mkoa mwaka 2012, ikitoka Iringa, wakati huo huo majaribio yakianza upande wa pili wa barabara. Mkoa mpya ulikuwa na mengi ya kujenga: ofisi ya mkuu wa mkoa, hospitali ya rufaa, nyumba za watumishi. Majengo yamepatikana, na hilo ni jema. Lakini huduma kama ile ya Mbeya haijengwi kwa tofali, na mradi wa mfadhili una tarehe yake ya mwisho tangu siku unaposainiwa. Unaweza kuonyesha kwamba jambo linawezekana. Hauwezi kulibeba jambo hilo kizazi hadi kizazi. Hiyo ni kazi ya kodi.

Na kodi ikiamua, inaweza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilipopata msukumo wa kisiasa, Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ikazinduliwa mwaka 2023, ikazunguka mikoani, mawakili na maafisa wakawafuata watu vijijini kwa gharama ya serikali na wadau. Wapo waliopata pale haki waliyoisubiri kwa miaka. Mtoto aliyekinzana na sheria anahitaji kitu cha namna hiyo, lakini kisicho cha kampeni. Anahitaji mtu aliyepo Jumanne ya kawaida.

Mwanzoni mwa 2019 watoto kadhaa waliuawa mkoani Njombe, na nchi nzima ikatetemeka. Viongozi wa kitaifa walifika, vikosi vya polisi vikaongezwa. Ilikuwa lazima iwe hivyo. Nakumbusha habari hiyo chungu kwa sababu inaonyesha serikali hufika haraka kwenye msiba, na kwamba yule mtu wa Jumanne ya kawaida, anayewajua watoto wa kata yake kabla ya msiba, ndiye tunayeshindwa kumlipia.

*

Wenzetu walifanyaje? New Zealand ndiyo hutajwa kwanza. Kwa Wamaori lilikuwa jambo la kale kwamba kosa la kijana linauhusu ukoo wake na ukoo wa aliyekosewa. Mwaka 1989 Bunge la huko likalifanya sheria: kabla ya kijana kufikishwa mahakamani kwa makosa mengi, familia zikutane. Wanaoisifu sheria hiyo husifu mila iliyo ndani yake. Mimi naisifu kwa kitu kingine. Iliunda cheo. Ilisema patakuwa na mratibu, mtumishi wa serikali, mwenye mshahara, ambaye kazi yake ni kuitisha vikao hivyo na kuhakikisha yaliyokubaliwa yanafanyika. Mila ilipata mtu wa kuitumikia, na mtu huyo akapata mshahara.

Uganda ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya watoto inaziruhusu mahakama za mabaraza ya vijiji kusikiliza makosa madogo ya watoto, kama wizi, kupigana na kuharibu mali, na kuamuru upatanisho, fidia, kuomba radhi au onyo, badala ya kifungo. Kwa maandishi ni jambo zuri na liko karibu na watu. Lakini wanaoketi katika mabaraza hayo ni watu wanaojitolea, na malalamiko ya wananchi kutozwa fedha ili kesi isikilizwe ni ya miaka mingi. Sisi pia tunayajua hayo. Mabaraza ya kata yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 1985, uendeshaji wake ukaachiwa halmashauri, na kilio cha wajumbe kuhusu posho hakijawahi kukoma. Haki isiyolipiwa na umma hulipiwa na mwenye shida, na mwenye shida zaidi hushindwa.

Swali la mtu wa hazina ni kama fedha hiyo inarudi. Mwaka 2013 Heather Strang, Lawrence Sherman na wenzao walikusanya majaribio 10 yaliyofanywa kwa uangalifu katika mabara matatu, yakiwalinganisha wahalifu waliokutanishwa ana kwa ana na waliowakosea na wale walioshughulikiwa kwa njia ya kawaida. Walikuta kurudia makosa kumepungua, kwa kiasi cha wastani lakini cha kweli, na waliokosewa kuridhika zaidi. Katika majaribio ya Uingereza, thamani ya uhalifu uliozuiwa ilikuwa kati ya mara 3.7 na 8.1 ya gharama ya vikao. Hizo ni hesabu za nchi nyingine, wala sitazihamisha Njombe kama zilivyo. Ila zinatosha kumfanya mtu wa hazina aache kuiita fedha hii sadaka.

*

Nimeisema vibaya njia ya kumalizana, na lazima nieleze kwa nini, kwa sababu wapo watakaouliza: kama wazee wanaweza kupatana bila shilingi ya serikali, mbona tuwalipe maafisa?

Kwa sababu mapatano yasiyo na mlinzi humlinda mwenye nguvu. Binti anabakwa, familia mbili zinakutana, mbuzi wanahama zizi, na kesho yake binti anapishana njiani na aliyemtenda. Jambo hilo lipo, kila mfanyakazi wa dawati anaweza kulisimulia, na ndilo lililowafanya watetezi wengi wa wanawake na watoto kuogopa neno lolote linalonukia upatanisho. Naona hofu yao ni ya haki kabisa. Ukatili wa kingono dhidi ya mtoto usiingie katika kikao cha namna hii, na sheria iseme hivyo waziwazi. Kinachotofautisha kikao na kumalizana ni uwepo wa mtu asiye wa upande wowote, anayeweza kusema hapana, anayeandika, na anayeripoti mahakamani. Mtu huyo lazima asiwe anategemea mwenye mbuzi kwa nauli yake. Afisa anayekuja kwa pikipiki iliyolipiwa na familia ya mtuhumiwa ameshapoteza sauti kabla hajakaa.

Lipo eneo moja gumu ninalolitaja kwa kuwa watoto wengi hupitia hapo. Wavulana wa miaka 16 au 17 hushtakiwa kwa kubaka baada ya mahusiano na wasichana wa rika lao waliokuwa wapenzi wao. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kwamba mvulana wa miaka 18 au chini yake, likiwa kosa lake la kwanza, aadhibiwe kwa viboko tu. Hapo fimbo haimsaidii msichana, haimsomeshi mvulana, na haigusi mimba kama ipo. Sidai kwamba kikao ndicho jibu la kila kesi ya aina hiyo. Nadai kwamba afisa ustawi aliye na muda na nauli ya kuzifikia nyumba zote mbili ndiye pekee awezaye kuiambia mahakama kama hawa ni watoto wawili wa rika moja au kuna mmoja aliyelazimishwa. Bila taarifa yake, mahakama inahukumu gizani.

Tena fedha ya umma isiishie kwa mtoto aliyekosea. Mipango mingi duniani imekosea hapo, ikamfanya mtendwa kuwa mgeni mwalikwa katika jambo lake mwenyewe. Yule mwenye shamba la paini ana haki ya nauli. Ana haki ya kitu kinachoshikika. Ujerumani wana mifuko midogo ambayo kijana asiye na kitu hufanya kazi ya jamii, mfuko ukamlipa aliyekosewa kwa niaba yake. Njombe, mkoa wa miti, unaweza kuwa na wake kwa urahisi. Halmashauri yenye kitalu cha miche inaweza kumpa mtoto kazi nyepesi ya kitaluni baada ya masomo, na miche ikaenda kwa yule aliyeunguziwa. Kwa bibi asiye na cha kuuza, hiyo ndiyo ingekuwa tofauti kati ya mjukuu kurekebika na bibi kufilisika.

*

Fedha itoke wapi? Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Sipendekezi kuigusa. Lakini tazama inavyokatwa. Kijana wa miaka 19 aliye katika kikundi cha bodaboda Makambako anaweza kuifikia fedha hiyo. Mdogo wake wa miaka 15, aliyekamatwa stendi ile ile, hana shilingi iliyotengwa kwa ajili yake mpaka atakapokosea vya kutosha kugharamiwa na Magereza. Mapato hayo ya ndani yanatokana na ushuru wa viazi, mbao, parachichi na vibanda, yaani jasho la wazazi na bibi wa watoto hao hao.

Ninachopendekeza ni mambo mawili. La kwanza ni la Bunge: njia ya kumchepusha mtoto kutoka mkondo wa mashtaka iandikwe katika Sheria ya Mtoto kwa jina, pamoja na wajibu wa serikali kuigharamia, na sehemu ya gharama hiyo itoke Hazina kuja halmashauri kama ruzuku yenye masharti, kwa sababu akiba itakayopatikana ni ya Polisi, Mahakama na Magereza. Anayevuna achangie mbegu.

La pili halihitaji kusubiri Bunge. Mipango ya halmashauri huanzia mikutano ya vijiji na mitaa, hupanda kata, hufika Baraza la Madiwani mwanzoni mwa mwaka, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kabla mzunguko ujao haujafungwa, madiwani wa Makambako, Njombe Mji, Wanging'ombe, Makete, Ludewa na Njombe Vijijini wanaweza kudai kasma moja chini ya ustawi wa jamii, isiyohamishika kwenda matumizi mengine: nauli za vikao, nauli za ufuatiliaji, posho ya askari wa dawati, muda wa maongezi, miche. Na robo ya mwaka ikiisha, taarifa isiyojaza zaidi ya ukurasa mmoja isomwe mbele ya kamati ya fedha, bila majina ya watoto, ikitaja vikao vilivyofanyika, makubaliano yaliyotimizwa na yaliyovunjika, waliokosewa waliorudishiwa walichopoteza, na watoto waliorudi darasani.